Riiga, Figa na Mtego wa Rika

Nyansiongo, katika Borabu ya Nyamira, ni mji wa mpakani, mahali ambapo mashamba ya chai ya Wagusii hupakana na ardhi ya Wakipsigis wa upande wa Sotik, na apitaye sokoni husikia lugha mbili ambazo, ijapokuwa zimekaa kitako pamoja kwa muda mrefu, hazikutoka katika asili moja. Kwani Kigusii ni katika jamii ya Kibantu, na lugha ya Wakipsigis ni katika jamii ya Kinailoti. Jamaa wa Kigusii wengi wako mbali: Wakikuyu huko Mlima Kenya, Waganda ng'ambo ya Ziwa, na sisi wa pwani tusemao Kiswahili. Udugu huu hauthibitiki kwa macho wala kwa ujirani, bali kwa kanuni. Na katika kuudhihirisha nimechagua neno moja dogo la jikoni, ambalo limesafiri na kila mmoja wa jamaa hawa na kufikia daraja mbalimbali.

Neno lenyewe ni riiga, kwa wingi amaiga, nalo kwa Mgusii ni moja katika mawe matatu ya mekoni yabebayo chungu. Jiwe jingine lolote, la kujengea au la kumtupia mbwa, huitwa rigena. Lakini riiga ni jina la watu pia. Philip Mayer, mwanazuoni aliyeandika mwaka 1949 juu ya nasaba za Wagusii, alieleza jinsi ukoo, yaani egesaku, unavyogawanyika katika matawi yaitwayo riiga, na chini yake ikaja enyomba, ambayo msomaji ataitambua mara moja kuwa ni nyumba. Sababu ya jiwe kuwa ukoo si ya kubahatisha. Katika mji wa mume mwenye wake kadhaa, kila mke alikuwa na nyumba yake na meko yake, na ng'ombe wa mahari ya binti walikuwa ni haki ya nyumba ya mama yake, wakawaolea ndugu zake wa tumbo moja. Kwa hiyo kuuliza mtu amekula katika meko ya nani kulikuwa ni kuuliza habari ya mali, urithi na damu kwa pamoja.

Sasa na tuvuke Ziwa. Waganda nao huita jiwe la meko essiga, na ukoo wao mkubwa, ekika, hugawanyika katika amasiga, na kila essiga katika mituba, na mituba katika nyiriri. Kwa hiyo Waganda na Wagusii, waliotenganishwa na maji na falme, wamelipandisha jiwe lile lile hata likawa daraja la nasaba. Wakikuyu walikwenda njia nyingine: ihiga kwao ni jiwe lolote, liwe la mekoni au la mtoni, na maana ikapanuka hata ikapoteza harufu ya moshi. Waswahili walikuwa wahafidhina kuliko wote. Figa, ambalo wengine huliita jifya, limebaki mekoni, na methali husema figa moja haliinjiki chungu. Ila katika chaguzi za Tanzania chama tawala kimewaomba wapiga kura wakipe mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani, na hapo jiwe letu nalo likaonja utukufu, japo wa siasa.

Mtu atauliza, kwa haki, twajuaje kwamba figa, ihiga, essiga na riiga ni neno moja? Hoja si kwamba yanafanana, maana kwa kweli hayafanani sana. Hoja ni kwamba yanatofautiana kwa utaratibu. Wataalamu hukadiria kuwa lugha mama ya Kibantu ilikuwa na sauti ya p mbele ya irabu ya i iliyobanwa sana. P hiyo Kiswahili kimeigeuza f, Kikikuyu h, Kiganda s, na Kigusii kimeiacha ikapotea kabisa. Basi ikiwa kanuni ni ya kweli, sharti ionekane penginepo: na ndivyo, kwani figo la Mswahili ni higo kwa Mkikuyu na ensigo kwa Mganda, na kufika kwetu ni goika kwa Mgusii, neno ambalo hulitumia pia kwa maana ya "mpaka" au "hata". Hata ile p isiyogeuka kwetu humponyoka Mgusii: sisi twasema kupita, yeye husema goeta.

Maana peke yake haitoshi kuwa shahidi. Pwani tuna mlango, ambao ni wa nyumba na ni wa ukoo pia. Wajaluo nao huita ukoo dhoot, yaani mlango wa nyumba. Na Wakipsigis, majirani wa Nyansiongo, huita ukoo oret, ambalo ni jina la njia. Mjaluo na Mswahili hawakurithi mlango huo kwa babu mmoja. Ni binadamu wawili waliotazama watu wakitoka mahali pamoja, kila mmoja akasema lililo dhahiri.

Wala sauti peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi huteleza. Kiswahili kina rika, na Kikikuyu kina riika, kundi la watu waliotahiriwa au waliokua pamoja. Mtu asikiaye riiga ya Kigusii, nayo pia ni kundi la watu, hukimbilia kusema kwamba neno ni hilo hilo. Kanuni inakataa: ndugu wa riiga katika Kikikuyu sharti awe na h, naye yupo, ni ihiga, riika haina h, na k yake si g. Rika hufunga watu kwa umri, riiga kwa uzazi, na kufanana kwao ni kwa nasibu tu.

Nyansiongo penyewe neno hili limepata hali mpya. Mapema katika miaka ya 1960 mashamba ya walowezi wa Kizungu yalinunuliwa na kugawanywa, wakaja watu wa koo mbalimbali wakakaa ua kwa ua, na riiga, ambayo kwingineko Gusii ilikwenda sambamba na ardhi, hapa ikabaki nasaba tupu isiyo na mpaka wa shamba.

Namsihi msomaji, basi, atakapoletewa hoja kwamba lugha yake ni ndugu wa Kiebrania au wa Kimisri cha kale kwa sababu ya neno moja lililofanana, asiikubali mpaka mleta hoja amwonyeshe maneno mengine yanayofuata kanuni ile ile ya sauti.