Maji ya Pumwani Huishia Mambrui

Mto upitao kando ya soko la Gikomba, chini ya Pumwani, wengi wetu huuita mtaro. Huo ni Mto Nairobi, nao hauishii Dandora. Hupokea maji ya Mathare, na mbele zaidi ya Mto Ngong utokao pande za Mukuru, kisha huingia Athi. Athi nao huteremka Fourteen Falls, hupita Ukambani, hukutana na Tsavo ukaitwa Galana, na mwisho, kwa jina la Sabaki, humwagika baharini baina ya Malindi na Mambrui. Kwa hiyo familia ya pwani iliyohamia Eastlands haikuuacha mto wa kwao. Imehamia juu yake.

Pale mlangoni mwa Sabaki pana matope, vichanga, mabwawa na mikoko, na ndege wasiohesabika. Heroe husimama majini kwa makundi. Shakwe hutua jioni. Wako wageni wakimbiao baridi ya Ulaya na Asia, na yuko ndege mdogo wa Bukini, arukaye kama mbayuwayu, ambaye hutaga kwao kisha huvuka bahari na kukaa mwambao wetu tangu Aprili hadi Septemba. Maelfu yao wamepata kuonekana hapo Sabaki kwa wakati mmoja.

Wenyeji wamekuwa wakipanda mikoko ili kuihuisha ardhi hiyo. Udongo mwekundu uletwao na mto kutoka mashambani huwapa matope mapya ya kupandia, ingawa udongo huo huo huyachafua maji ya Malindi hata watalii wakanung'unika. Lakini mche wa mkoko uliofunikwa na plastiki haukui. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017. Chupa na nepi bado zinasafiri.

Tuseme wazi kuhusu nepi, maana jambo hili liko mikononi mwa nyumba zetu. Mama huifunga vizuri, humpa kijana wa mkokoteni pamoja na ujira wake, akaona wajibu umekwisha. Je, kijana huipeleka wapi? Jalala la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na lenyewe liko kando ya mto. Wako wabebaji waaminifu, na wako wanaomwaga ukingoni usiku. Tumuulize kabla ya kumlipa. Watoto wetu chuoni husoma katika mlango wa twahara kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kujisaidia penye maji ya watu. Sijui tofauti ipi tutaitaja baina ya hilo na nepi iliyotupwa mtoni.

Wala mto huu haujafa. Huko Korogocho vijana waliondoa taka ukingoni, wakapanda miti na kutengeneza bustani ambamo watoto hucheza. Mbele kidogo, Ruai, kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka ya jiji, wapenzi wa ndege huja na darubini zao kutazama bata na korongo. Anayeishi Kayole aweza kuwapeleka wanawe huko Jumamosi moja, akiomba ruhusa langoni, akawaonyesha maji yakirudishwa mtoni kuanza safari ya Mambrui.