Twende Tukayaone Maporomoko ya Sanje



Ukisafiri kwa barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, ukiisha kuvuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, milima ya Udzungwa husimama mkono wako wa kuume kama ukuta. Mkono wa kushoto ni mashamba ya miwa na mpunga. Kabla hujafika Mang'ula utaona mstari mweupe ukishuka mlimani katikati ya miti. Mgeni hudhani ni moshi, au nguo iliyoanikwa. Sivyo. Ni maji. Hayo ndiyo maporomoko ya Sanje, yanayoanguka meta 170, yaani zaidi ya futi 550.

Sisi tunaokaa chini ya milima hii twayaona kila siku, na kitu cha kila siku mtu hakitazami. Mimi nilifanya kazi ya ukarani wa parokia miaka minane bila kupanda huko hata mara moja. Tena nilisomea ualimu chuoni, nami najua kuchora ubaoni habari za bahari, mawingu na mvua. Lakini siku moja kijana wa darasa la sita, alipokuwa akinisaidia kupanga bahasha ofisini, aliniuliza swali likanishinda: "Mwalimu, mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa tano. Sasa ni mwezi wa tisa. Maji yale yanatoka wapi?"

Nikamwambia, "Jumamosi twende tukaone."

Jambo la kwanza lilikuwa kuomba ruhusa ya wazazi. Wazazi watano walikubali upesi. Mama wa kijana yule aliyeuliza swali hakukubali. Nilimkuta jikoni, amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza kuni mbichi, macho yamejaa machozi ya moshi. Akaniambia, "Karani, msitu ule umeninyima kuni. Sasa wataka umpe nini mwanangu?"

Msomaji, usimlaumu mama huyo. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Kwa miaka mingi watu wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Tangu hapo kuni za mama huyo ni za kununua, au za kutembea mbali kuzitafuta. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwomba tu amwachie mtoto siku moja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, nenda naye. Ila umrudishe mzima."

Basi Jumamosi tulilipa kiingilio, tukapewa mwongozaji, tukaanza njia kijijini Sanje jua lingali changa. Mwanzoni njia hupita kando ya mashamba, kisha huingia msituni na kupanda kwa kuzungukazunguka. Safari yote, kwenda na kurudi, ni ya saa nne hivi kwa mwendo wa watoto. Ukiingia chini ya miti tu, joto la bondeni hukuacha. Majani ni mengi chini hata hatua haisikiki.

Tulipopumzika, mwongozaji alituonyesha kundi la mbega wekundu wakiruka juu ya miti. Akatusimulia habari iliyowafurahisha sana watoto. Mwaka 1979 wataalamu wawili walikuwa wakiwachunguza mbega hao katika milima hii, wakasikia sauti ya mnyama wasiyemjua. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakushangaa, maana alimjua mnyama huyo siku nyingi. Hata kijijini Sanje walimkuta mmoja mchanga amefugwa. Alikuwa kima ambaye vitabu vya wataalamu havikuwa vimemtaja bado. Leo anaitwa mangabei wa Sanje, wala hapatikani mahali pengine duniani ila katika milima hii. Watoto walicheka sana kusikia kwamba wakubwa wa elimu walifundishwa na mtu wa kijijini.

Hapo nikakumbuka ualimu wangu. Nilichukua chupa mbili za maji. Ya kwanza niliimimina juu ya njia, mahali palipokanyagwa na watu hata udongo ukawa mgumu. Maji yalikimbia yote kwenda chini, yakachukua udongo, yakawa mekundu. Ya pili niliimimina hatua tatu tu kando ya njia, juu ya majani makavu chini ya mti. Hatukuona hata tone likikimbia.

Kijana yule akasema, "Yamepotea."

Mwongozaji akamjibu, "Hayakupotea, mwanangu. Yamewekwa akiba."

Kisha akatueleza. Mvua ya masika inaponyesha juu ya msitu, haipigi ardhi kwa nguvu. Hupokewa na majani ya juu, ikadondoka polepole, ikanywewa na majani yaliyooza na udongo uliolegezwa na mizizi. Tena ukungu unaotanda mlimani hushika kwenye majani na mashina, ukawa matone, nayo matone hushuka ardhini. Maji hayo hukaa ndani ya mlima kama fedha iliyofichwa kibindoni, yakatolewa kidogo kidogo kiangazi chote. Mlima uliokatwa miti hauna kibindo. Mvua ikinyesha, maji yote hushuka mara moja kama yale ya chupa ya kwanza. Wiki hii mafuriko, mwezi ujao kiu.

Tuliendelea kupanda, tukasikia mngurumo kabla ya kuona kitu. Mara miti ikaachana, na maporomoko yakawa mbele yetu, meupe, yanashuka juu ya mwamba mweusi, manyunyu yake yakitulowesha nyuso. Watoto wote walinyamaza. Sijapata kuwaona wamenyamaza hivyo hata darasani.

Lakini hapa lazima niungame kosa langu. Kwa furaha niliwaacha wasogee, wala sikuwahesabu. Kijana yule akapanda jiwe lililokaribia ukingo ili aone maji yanakoangukia. Mawe ya hapo huota ukoga, huteleza kama sabuni. Mguu ulimtoka. Mwongozaji alimdaka kwa shati, akamvuta nyuma. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Mimi magoti yaliniishia nguvu, nikasikia masikioni maneno ya mama yake: "Umrudishe mzima." Tangu hapo mpaka tuliposhuka nilimshika mkono, wala yeye hakuuondoa.

Jioni nilimpeleka kwao mwenyewe, nikamweleza mama yake yote, pamoja na kosa langu. Alinikemea, nami nilistahili. Kisha mtoto akaanza kusimulia habari za chupa mbili. Alichukua kata, akaonyesha uani, hapa pagumu, pale penye majani ya migomba. Akamwambia, "Mama, maji ya bomba letu ni yale yale. Msitu ukiisha, bomba litakauka." Wala hakukosea, maana vijiji vingi vya chini ya milima hii hunywa maji yashukayo mlimani. Maji ya vijito hivi mwishowe huingia Mto Rufiji, ambao tangu mwaka 2024 unazalisha umeme katika Bwawa la Julius Nyerere, kabla ya kumwagika Bahari ya Hindi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Maji nimeyaelewa. Lakini ugali haupikwi kwa maji peke yake."

Ndugu msomaji, mama huyo alisema kweli. Anayesema "tunzeni msitu" akaishia hapo, amesema nusu. Nusu ya pili ni kuni. Ndiyo maana wiki iliyofuata nilirudi kwake na miche 20 ya mijohoro. Mti huu hukua upesi, una kuni nzuri, na ukikatwa vizuri huchipua tena. Kijana alichimba mashimo mpakani mwa shamba, mama akapanda. Minne imeliwa na mbuzi, kumi na sita imesimama, na mirefu imekwisha kunipita kimo. Mafiga yake matatu nayo yamepumzika. Amejenga jiko la udongo lenye ukuta, linalokula kuni chache kuliko mafiga. Kuni za kununua hazijaisha nyumbani kwake, ila zimepungua.

Basi, ukipata nafasi, wapeleke watoto wako Sanje. Ulizeni kiingilio mapema katika ofisi ya hifadhi pale Mang'ula. Ondokeni asubuhi. Vaeni viatu visivyoteleza, chukueni maji na chakula, wala msiache taka njiani. Mfuateni mwongozaji, asiwepo mtoto wa kumtangulia. Mkifika penye maji, hesabuni watoto kwanza, ndipo mtazame maporomoko.

Na kama unakaa mbali na Udzungwa, kijito kipo kijijini kwako. Kifuate siku moja pamoja na watoto mpaka kinakoanzia. Ukikuta miti, waambie ni akiba ya nani. Ukikuta pametupu, rudi nyumbani ukachukue jembe na miche. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, walisema wazee. Nami naongeza kwamba usipokijua kisima chake, hutajua siku yanapoanza kupungua.