Ebisarate: walinzi wa pembeni waliovunjwa Gusii

Jeshi hutazama adui aliye mbele, lakini pigo zito mara nyingi hutoka ubavuni. Ndiyo maana makamanda huweka walinzi wa ubavuni: kikosi kidogo kinachokaa kando ya jeshi kuu, kimwone adui mapema na kumchelewesha hadi wenzao wageuke kumkabili.

Katika nchi ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, Abagusii walikuwa na ulinzi wa namna hiyo. Waliuita ebisarate. Zilikuwa kambi za ng'ombe zenye boma imara, na ndani yake waliishi abamura, vijana ambao hawajaoa. Walichunga mifugo ya ukoo na kukesha silaha mkononi, ili mvamizi akutane nao kabla ya kuwafikia wazee, wanawake na watoto. Hao ndio vijana wa zama za vita vya Saosao, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Abagusii walipowashinda Wakipsigis.

Waingereza walipoitwaa nchi, waliona ebisarate ni vituo vya uvamizi na wizi wa mifugo. Wakazipiga marufuku kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na vijana wakasukumwa kwenye kazi za kibarua.

Muda si mrefu, ubavu wa Waingereza wenyewe ukaonekana wazi. Reli yao iliishia Kisumu, na kusini yake Kisii ilielekea mpaka wa koloni la Wajerumani. Septemba 1914 Wajerumani walivuka, maofisa wa Kiingereza wakauhama mji wa Kisii, adui akaingia. Askari wa King's African Rifles waliletwa kutoka Kisumu, na tarehe 12 wakapigana naye siku nzima. Kapteni Thorne aliyewaongoza aliuawa. Risasi zikapungua, pande zote mbili zikarudi nyuma, na Wajerumani wakaelekea mpakani.

Wenyeji waliopora mji ulioachwa bila mwenyewe waliadhibiwa vikali. Ng'ombe wao walitwaliwa, na vijana wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Waliopokonywa ulinzi wao ndio waliolipa gharama ya ubavu ulioachwa wazi na serikali. Huo ulikuwa uonevu, na uitwe hivyo.

Serikali za Kisii na Nyamira ziziwekee alama sehemu zilipokuwa ebisarate, na walimu wawapeleke wanafunzi kwa wazee wakasikilize habari zake. Wazee wanaozijua wanapungua kila mwaka.