Kinga ya Mpunga Inayochakaa na Swali la Nani Ailipie

Katika kilimo cha mpunga barani Asia, kinga ya mmea dhidi ya wadudu ni mtaji unaochakaa, kama alivyodhihirisha mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, Nilaparvata lugens, anayefyonza utomvu wa shina hadi shamba likauke kana kwamba limepitiwa na moto. Mwaka 1973 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI), iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, ilitoa mbegu ya IR26 yenye jeni ya kinga iitwayo Bph1, lakini haikupita miaka mingi kabla ya kuzuka wadudu wasiozuiwa na kinga hiyo, na IR36 ya mwaka 1976, iliyobeba jeni nyingine, ikashika nafasi yake. Indonesia, ambako ruzuku ya serikali ilishusha bei ya viuadudu vilivyoua pia buibui wanaomla mdudu huyo, ililazimika mwaka 1986 kupiga marufuku viuadudu 57 katika mashamba ya mpunga.

Ramani ya jeni inabadili hesabu hiyo ya kinga inayochakaa. Mpunga una kromosomu 12, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, na watafiti huchavusha aina yenye kinga kwa aina isiyo nayo, kisha hutafuta katika vizazi vinavyofuata alama za vinasaba zinazorithiwa sambamba na kinga. Alama ikishajulikana, kipande cha jani hutosha kuuteua mche, na jeni mbili au tatu huweza kuunganishwa katika mbegu moja. Kazi hii ni ngumu mno bila alama, kwa kuwa mche wenye jeni moja kali na wenye mbili huweza kustahimili wadudu kwa namna isiyotofautishika. Jeni ya Bph14 ilitengwa nchini China mwaka 2009, na mwaka 2015 Bph3, inayotokana na mpunga wa Sri Lanka uitwao Rathu Heenati, ikabainika kuwa kundi la jeni zilizokaa pamoja kwenye kromosomu ya 4.

Ugumu uliobaki ni wa soko zaidi kuliko wa maabara. Mpunga hujichavusha wenyewe, hivyo mkulima huweza kutunza mbegu yake msimu hadi msimu bila kumlipa yeyote, na kampuni binafsi haina faida kubwa ya kutarajia, isipokuwa kwa mbegu chotara, zilizoenea sana China, ambazo hununuliwa upya kila msimu. Kwingineko gharama huangukia taasisi za umma, ilhali akiba inayopatikana, yaani dawa ambayo mkulima hakuinunua, haiandikwi katika daftari la mapato la taasisi yoyote.