Majani ya Kalinzi Yapimwe

Katika vilima vya Kalinzi, penye mibuni na migomba, aliyejikata kwa jembe hutafuta jani kabla ya zahanati. Nasi wa visiwani twafanya hivyo hivyo kwa shubiri, wala hatuoni aibu. Lakini jani lililopondwa juu ya jiwe chafu laweza kutuliza uvimbe na papo hapo kuingiza pepopunda.

Kupima si muujiza. Panya wenye vidonda vya ukubwa mmoja hugawanywa. Hawa hupakwa maji ya jani, wale hawapakwi, na vidonda hupimwa siku hadi siku. Muhimbili ilianza utafiti wa dawa za asili mwaka 1974.

Je, mwenye kulijua jani? Huko Mahale, kusini ya Kigoma, mwaka 1987 sokwe Chausiku alionekana akitafuna shina chungu la mjonso. Aliyeeleza kuwa mti huo ni dawa ya Watongwe (ya tumbo, si ya vidonda) ni Mohamedi Seifu Kalunde, na makala ya kitaalamu ya 1989 yalibeba jina lake pamoja na la Michael Huffman.

Twawataka wakubwa wa Serikali wafuate mfano huo. Jani likienda maabara, jina la mganga liende nalo, na majibu yarudi kijijini, hata yakiwa mabaya.