Kuhukumu Vipindi vya Redio vya Wanafunzi

Katika mwaka 2019, NPR, nayo ni redio ya umma ya Marekani, iliwaita wanafunzi wa nchi nzima, tangu darasa la tano mpaka la kumi na mbili, watengeneze vipindi vyao wenyewe vya kusikilizwa na washindane. Mwalimu ndiye aliyetakiwa kuipeleka kazi ya wanafunzi wake. Vyombo vya thamani havikushurutishwa. Simu ya mkononi ilitosha. Zikaletwa kazi karibu 6,000, na zawadi kubwa zilikuwa mbili tu, moja ya skuli za kati na moja ya skuli za juu. Basi, ndugu msomaji, jitie mahali pa waamuzi wale ujiulize: wewe ungeshika mizani gani?

Sisi waalimu wa vyuo tumezoea kuhukumu watoto, walakini mazoea yetu ni ya mashindano ya Qur'ani. Huko maneno si ya mtoto, wala hana ruhusa ya kuyafanya yake. Akizidisha herufi au akiipunguza, hiyo ni lahani iliyo wazi; akiacha ghuna au akifupisha mahali pa kuvuta, ni lahani iliyofichika, na kwa kila moja alama hukatwa. Mshindi ni yule aliyekifikisha alichokipokea kama alivyokipokea. Ukilichukua sikio hilo hilo ukaenda nalo kwenye vipindi vya redio, utampa ushindi asiyestahiki, kwani hapa kufikisha maneno ya mwingine ndiyo ila yenyewe. Mtoto anayesoma kwa ufasaha karatasi aliyoandikiwa na babake, au iliyotungwa na zile mashine za siku hizi ziandikazo insha kwa amri moja, hakutengeneza kipindi. Ameazimisha sauti yake tu.

Na kumtambua si kazi kubwa kama idhaniwavyo. Asomaye asichokielewa hupumua pasipo mahali pake, na hukaza sauti kwenye neno lisilo na uzito. Aelezaye alichokwenda kukitafuta kwa miguu yake huenda akajikwaa, lakini husikika kuwa anataka umwelewe. Kujikwaa huko kusikatiwe alama.

Tazama walioshinda upande wa skuli za juu mwaka ule, vijana wa mji wa Elizabethton katika Tennessee. Hawakwenda mbali. Mji wa Erwin, ulio jirani nao, una kisa chake: mwaka 1916 ndovu wa sarakasi, jina lake Mary, baada ya kumwua mtu aliyekuwa akimwongoza, alinyongwa hapo kwa winchi ya reli mbele ya umati. Mnyororo wa kwanza ukakatika, wakamtundika tena. Mtoto yeyote angeweza kukisimulia kisa hicho kwa kutisha na akashangiliwa. Vijana wale waliongeza swali la pili, nalo ndilo zito: mji waishije na aibu ya miaka zaidi ya mia, na watu wake wa leo wafanya nini ili ujulikane kwa jema? Mwamuzi mzuri hulisubiri swali hilo la pili. Likikosekana, kipindi ni uvumi uliopambwa.

Upande wa skuli za kati walishinda wasichana wa Bronx, New York, kwa kipindi walichokiita "Sssh! Periods", yaani kama kusema: nyamaza, hedhi! Walizungumza wao kwa wao juu ya fedheha wanayovishwa wasichana kwa jambo la maumbile. Najua wako wazee watakaokunja uso hapa. Lakini je, mlango wa hedhi haumo katika Safinatun-Najaa, kitabu kidogo tunachowasomesha watoto wetu? Humo twasoma kwa sauti kwamba uchache wake ni mchana na usiku mmoja, na wingi wake siku 15. Na Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Ajabu ni kwamba tunayoyatamka darsani mama hathubutu kumweleza bintiye jikoni. Basi mwamuzi asikate alama kwa kuwa masikio yake yeye yameona haya.

Palipo na haki ya kukata ni pengine. Mtoto akimhoji nyanyake juu ya talaka yake ya zamani, je, nyanya alielezwa kwamba maneno yake yatasikiwa na mji mzima? Akisimulia ugonjwa wa mwenzake, mwenzake aliridhia? Hili naliweka juu ya ufasaha na juu ya sauti safi.

Sauti yenyewe haina mengi. Mwangwi huondoka mtoto akirekodi kwenye chumba chenye nguo na mablanketi, na mwenye kipaza sauti cha ghali asipewe alama kwa mali ya babake. Kikomo cha muda kina faida yake. NPR baadaye iliweka dakika 8, na dakika 8 humlazimisha mtoto kuchagua.

Kila kipindi kisikizwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, waandike alama kabla hawajasemezana, na majina ya skuli yafichwe. Na kila aliyekosa apelekewe karatasi yenye mistari miwili au mitatu: ni dakika gani tulisimamisha kazi zetu tukamsikiliza, na ni dakika gani tulianza kutazama saa.