Umeme wa mito midogo: Soma mkataba kabla ya kutoa hundi

Mwenye hisa katika mtambo mdogo wa umeme hauzi bidhaa yake gengeni. Kwenye gridi ya taifa mnunuzi ni TANESCO, bei hupitia EWURA, na mengine yote yamo ndani ya mkataba wa kuuziana umeme. Msomaji anayeombwa kuchangia mtaji wa maporomoko ya Njombe au Mufindi aanze na karatasi hiyo, mto atautazama baadaye.

Tanzania ilianza mwaka 2008 kuweka mkataba wa mfano mmoja kwa wazalishaji wa kilowati 100 hadi megawati 10. Mzalishaji mdogo hakulazimika tena kubishana na shirika kubwa kifungu kwa kifungu (mawakili hawakufurahi, bila shaka). TPC ya Moshi, inayochoma makapi ya miwa, na TANWAT ya Njombe, inayochoma kuni, zilikuwa miongoni mwa waliotangulia kusaini. Mtambo wa maji wa Mwenga, Mufindi, wa megawati 4, uliwashwa mwaka 2012.

Chukua bei za mwaka huo. Wastani ulikuwa Sh. 152.54 kwa uniti. Lakini kiangazi, Agosti hadi Novemba, bei ilikuwa Sh. 183.05, na miezi mingine Sh. 137.29. Mtambo wa megawati 1 ukifanya kazi kwa nusu ya uwezo wake hutoa uniti milioni 4.38 kwa mwaka. Kwa bei ya wastani hayo ni mauzo ya Sh. milioni 668. Sasa, mto hujaa masika na kunywea kiangazi, wakati bei ni nzuri. Umeme huo ukiuzwa wote kwa bei ya chini, mauzo ni Sh. milioni 601. Ukweli utakuwa katikati, na makisio yanayotumia wastani mtupu yanampendeza mwombaji mkopo tu. Mwenye makapi ya miwa ana nafuu, kwa kuwa miwa husagwa kiangazi.

Shilingi ndiyo iliyoumiza zaidi. Mkataba ulizuia bei isishuke chini ya ile ya mwaka wa kusaini, lakini kwa shilingi. Dola iliyokuwa chini ya Sh. 1,600 mwaka 2012 ilipita Sh. 2,100 mwishoni mwa 2015, na mitambo hununuliwa kwa dola. Kanuni za mwaka 2015 zilihamishia bei za maji na makapi kwenye dola. Jua na upepo zikapelekwa kwenye zabuni.

Imebaki mifuko ya mnunuzi. Miaka ile TANESCO ilichelewa kuwalipa wazalishaji, na benki haisubiri. Uganda, kupitia mpango wa GET FiT wa 2013, wafadhili waliongeza fedha juu ya bei ili miradi isimame.

Tena bwawa la Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Njaa ya gridi kwa umeme mdogo imepungua. Wengine wanatazama maeneo yaliyo nje ya gridi, ambako dizeli ni ghali: mwaka 2012 bei huko ilikuwa Sh. 480.50, zaidi ya mara tatu. Anayeingia huko aulize jambo moja kabla ya kutoa hundi: nguzo za gridi zikifika kijijini, mkataba unasema atalipwa bei ipi, na kuanzia siku gani?